Siku sita kutoka Dar hadi Lushoto: baiskeli na nyayo zinazokufa ganzi

Njia ya Bagamoyo, Msata, Mkata, Korogwe na Mombo haimtishi mtu mwenye pumzi za kawaida mpaka siku ya mwisho. Anayeshuka njiani kabla ya hapo mara nyingi ameshushwa na nyayo: vidole vimekufa ganzi, au chini ya mguu panawaka kama amekanyaga kaa la moto.

Kumbukumbu hii inafuata baiskeli za aina mbili. Moja ni Phoenix ya gia moja, inayoendeshwa kwa raba au katambuga. Ya pili ni baiskeli ya mlima ya mtumba yenye gia 21 na viatu vya kliti, yaani kile kipande cha chuma kinachofungwa chini ya soli na kung'atwa na pedali. Mwezi ni Julai. Masika yamekwisha, jua la pwani limepoa kidogo, na upepo wa kusi unamsukuma mgongoni anayeelekea kaskazini.

Siku ya kabla ya kuondoka, Dar es Salaam

Viatu kwanza, na vinunuliwe alasiri. Mguu wa jioni umejaa kuliko wa asubuhi, na mguu uliokwisha kupiga pedali kwa muda wa saa nne umejaa zaidi. Anayekwenda Karume kutafuta raba za mtumba aende saa 10 jioni, akiwa ametembea, na soksi ileile atakayoendeshea. Mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Upana ndio unaosahaulika: chomoa soli ya ndani, iweke sakafuni, ikanyage peku kwa uzito wote. Nyama ya kidole kidogo ikimwagika nje ya ukingo, kiatu hicho kirudishe hata kama bei ni ya kutupa. Kulegeza kamba hakuongezi upana wa soli.

Kisha jaribu kukikunja. Raba inayokunjika kama chapati haifai kwa pedali ndogo, kwa sababu mguu nao unajikunja juu ya pedali na uzito wote unaangukia mstari mmoja. Katambuga, kwa soli yake ya tairi, inaishinda raba nyingi za dukani kwa jambo hili. Kasoro yake iko juu: mikanda inakata, na vichwa vya misumari huchomoza taratibu. Pitisha kiganja ndani kabla ya safari, na gonga kila kichwa unachokihisi.

Kinachotokea ndani ya mguu ni hiki. Mifupa mitano mirefu inaelekea vidoleni, na vichwa vyake vimekaa kwenye ile sehemu nene nyuma ya vidole, ambayo humu tutaiita mto wa unyayo. Katikati ya vichwa hivyo inapita mishipa ya fahamu ya vidole. Pedali inasukuma kutoka chini, kiatu kinabana kutoka pembeni, na mshipa unabanwa katikati kama uzi kwenye koleo. Huanza kuchomachoma, halafu moto, halafu ganzi. Mara nyingi wa kwanza kulalamika ni mshipa ulio kati ya kidole cha tatu na cha nne.

Kiti nacho kina lake. Simama peku ukiegemea ukuta, bana kitabu kigumu katikati ya mapaja na ukivute juu mpaka kikukamate kama kiti kinavyokukamata, kisha pima kutoka sakafuni hadi mgongo wa kitabu. Zidisha kwa 0.883. Jibu ndio urefu kutoka katikati ya ekseli ya krenki, yaani ile mikono inayobeba pedali, hadi juu ya kiti, ukifuata mlalo wa nguzo ya kiti. Mguu wa sentimita 80 unatoa sentimita 70.6. Hakikisha kwa kisigino: kikiwa juu ya pedali iliyoko chini kabisa, goti linyooke bila nyonga kuyumba. Kiti kikiwa juu mno, mwendeshaji anaifukuzia pedali kwa ncha za vidole kama mtoto anayechungulia dirishani, na mto wa unyayo unabeba kila kitu. Kikiwa chini mno, goti linasukuma likiwa limekunjwa, nguvu inaongezeka, na unyayo ndio unaoipokea.

Kwa mwenye kliti, ukivaa kiatu papasa kichwa cha mfupa wa kidole gumba upande wa ndani, tia nukta kwa kalamu. Fanya hivyo upande wa nje kwa kidole kidogo. Kiatu kikiwa kimeng'atwa na pedali, ekseli ipite kati ya nukta hizo mbili, ikiielemea ile ya kidole kidogo. Viatu vingi hutoka kwa mwenyewe wa kwanza kliti zikiwa mbele mno. Kuzirudisha nyuma, upande wa kisigino, milimita 5 hadi 10 kunatosha kuwaponya wengi bila kununua chochote. Ukirudisha milimita 10, shusha kiti milimita 3 hivi, maana mguu umefupika. Boliti ni mbili kila kiatu, spana ya L ya milimita 4, grisi kidogo kwenye nyuzi za boliti, mkazo wa Nm (nyutoni-mita) 5 hadi 6. Asiye na spana ya kupimia akumbuke kwamba mkono wa spana wa sentimita 7 unahitaji nguvu sawa na kilo 7 au 8 zikining'inia kwenye ncha yake. Chini ya hapo kliti itazunguka, juu yake utakata nyuzi.

Mwisho pedali. Zungusha krenki kinyumenyume huku mtu akitazama kutoka nyuma. Ncha ya pedali ikiyumba, ekseli imepinda, na mguu wa upande huo utakanyaga ukingo mmoja safari nzima. Ikitikisika mkononi, gololi zimelika au koni inayozibana imelegea. Ukiibadilisha kumbuka ya kushoto hufunguka kinyume; fundi wa barabarani anayesahau hilo huacha nyuzi za krenki zimekatika.

Zungushia utepe wa umeme nguzo ya kiti palipoishia, na chora ukingo wa kliti kwa kalamu isiyofutika. Kuanzia hapa badilisha kitu kimoja kwa siku. Anayebadilisha viwili hajui kipi kimemponya.

Siku ya 1: Mwenge hadi Bagamoyo, kama kilomita 60

Kuondoka saa 12 kamili asubuhi, kabla daladala hazijajaa barabara ya Bagamoyo. Mpaka Tegeta na Bunju ni kusimama na kuondoka, na hilo lina faida yake: kila mguu unaposhuka chini, damu inarudi vidoleni. Ndiyo maana ganzi huanza kujitokeza baada ya Mapinga, barabara inapofunguka na mtu akakaa dakika 40 bila kuinuka.

Hapo usikimbilie kubadilisha. Soma kwanza ganzi imekaa wapi, maana mahali panataja chanzo.

Juu ya mguu, chini ya kamba: kamba zimebana. Chini, vidole vya katikati: mto wa unyayo unaelemewa, na dawa yake ni kliti, soli au gia. Kidole kidogo na ukingo wa nje: kiatu chembamba, au pedali iliyopinda. Kidole gumba peke yake: ncha ya kiatu imechongoka mno. Mguu mzima hadi kwenye kifundo, tena pamoja na nyuma ya paja: angalia kiti na mgongo, kiatu hakina kosa.

Siku ya kwanza, anayelaumiwa kwa haki mara nyingi ni kamba. Watu hukaza asubuhi mguu ukiwa mwembamba, na ifikapo Kerege mguu umejaa ndani ya kamba ileile. Funga hivi: matundu mawili ya chini, upande wa vidole, yaache yamelegea kiasi cha kupitisha kidole cha mkono chini ya kamba. Ruka kabisa tundu lililo juu ya ule mfupa uliotuna juu ya mguu. Kamba ipande wima kila upande bila kuvuka. Kaza tundu la juu tu, karibu na kifundo, ili kisigino kisichezecheze. Mwenye viatu vya mikanda alegeze ule wa mbele mpaka ukaribie kuachia. Anayepanda kwa kliti hahitaji kuuvuta mguu juu kwa nguvu, na mkanda wa mbele hauna kazi kubwa.

Mwenye Phoenix ana neema moja hapa. Pedali zake za vitalu vya mpira ni pana, na hakuna kinachomzuia kusogeza mguu. Kila baada ya dakika kumi asogeze sentimita moja mbele, kisha nyuma. Kosa la kawaida ni kukanyaga kwa vidole vitupu. Ekseli ikae nyuma kidogo ya mto wa unyayo.

Bagamoyo, vua viatu kabla ya kuagiza chakula. Alama za mshono wa soksi zilizobaki kwenye ngozi zinaonyesha mahali kiatu kilipobana hata kama hapakuuma.

Siku ya 2: Bagamoyo hadi Msata, kilomita 64

Lami nzuri, magari machache kuliko jana, daraja la Ruvu mapema, mananasi Kiwangwa. Kusi iko mgongoni na baiskeli inateleza yenyewe. Leo kinachosumbua ni mtikisiko, zile rasta za lami kila unapokaribia kijiji na chipingi (kokoto ndogo) za pembeni ya barabara. Mtikisiko mdogo usiokatika hufanya kazi ileile ya kubana, ila polepole.

Tairi za upana wa milimita 38 hadi 40 hazihitaji kujazwa kama jiwe. Kwa mtu wa kilo 70 na mzigo mdogo, psi (kipimo cha upepo wa tairi) 45 hadi 55 zinatosha, ya nyuma ikizidi ya mbele kidogo. Mafundi wetu hupenda kujaza mpaka tairi igome kubonyea. Wasikilize kwa mengine yote. Kwenye rasta inuka, krenki zikiwa mlalo, magoti yamelegea, uzito ukigawanyika sawa kwenye miguu miwili.

Siku ya 3: Msata hadi Mkata

Siku ndefu, na ndiyo inayotenganisha aliyeandaa gia na asiyeandaa. Baada ya Msata barabara inashuka kwenye Mto Wami, inavuka kwa daraja jipya, kisha mawimbi ya vilima mpaka Mbwewe na kuendelea. Malori ya kaskazini yanapita hapa yote, kwa hiyo kioo cha pembeni na fulana ya kung'aa si mapambo.

Kila kilima kinamshawishi mtu abaki kwenye gia nzito na kusukuma. Hesabu: mguu wa kulia ukishuka mara 20 ndani ya sekunde 15, unazungusha mara 80 kwa dakika, na hapo ndipo pa kukaa. Ukishuka mara 13, uko 52. Kwa kasi ileile, kila pigo linabeba uzito zaidi ya nusu tena ya lile la mizunguko 80, na uzito huo wote unapita kwenye mto wa unyayo. Mwenye gia 21 ashuke gia kabla ya kilima, mnyororo ungali mwepesi.

Phoenix haina pa kushuka. Yenye meno 48 mbele na 18 nyuma inasogea karibu mita 5.9 kwa mzunguko mmoja, na kwa kilomita 18 kwa saa miguu inazunguka mara 51 tu. Ukibadilisha friwili ya meno 18 ukaweka ya 22, kasi hiyohiyo inakupa mizunguko 62, na kila pigo linapungua uzito kwa asilimia 18. Mnyororo utahitaji kuongezwa pingili, na gurudumu la nyuma kupangwa upya kwenye uma wake. Kazi hiyo ifanyike Dar. Kuitafuta friwili Mbwewe ni kujitakia shida.

Anayebaki na gia yake ainuke kwenye kiti kila dakika 10 kwa mapigo 20 hivi, akunje na kukunjua vidole ndani ya kiatu, kisha akae. Kila saa moja ashuke kabisa, atembee dakika tatu. Kutembea kunakunja vidole, kitu ambacho pedali haifanyi kamwe.

Jioni ya Mkata kuna kazi ya mikono kwa ambaye kati ya kidole cha tatu na cha nne bado panawaka. Inahitaji ndala kuukuu, wembe, msasa na gundi ya fundi viatu. Kata kipande chenye umbo la tone la maji, urefu sentimita 5, upana sentimita 4, unene milimita 5 katikati. Kingo zote zisugue msasa mpaka ziishe kabisa, kwa sababu ukingo uliosimama utaleta lengelenge. Sasa paka vumbi la mkaa kwenye mto wa unyayo, kanyaga soli ya ndani, inua mguu. Vichwa vya mifupa vimeacha madoa. Kipande kikae nyuma ya madoa hayo, upande wa kisigino, sehemu yake pana ikielekea vidoleni na kuishia milimita 5 hadi 10 kabla ya kuyafikia.

Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanakiweka chini ya madoa yenyewe, wakidhani ni godoro. Godoro mahali hapo linaongeza mbano. Kikikaa nyuma, kinainua ile mifupa na kuitanua, na mshipa unapata nafasi ya kupita. Bandika upande wa chini wa soli kwanza kwa utepe tu. Kesho kitahisiwa kama kokoto kwa saa moja hivi. Saa moja ikipita na kokoto bado ipo, sogeza nyuma milimita 3. Gundi inakuja baada ya siku mbili za amani.

Siku ya 4: Mkata hadi Korogwe

Kabuku, machungwa ya Michungwani, njiapanda ya Segera, kisha mkonge mpaka macho yachoke. Joto la mchana linajaza miguu kuliko siku zote zilizotangulia, hata Julai. Legeza kamba saa 4 asubuhi kabla hazijaanza kuuma. Soksi iwe nyembamba. Ile nene ya pamba inakunywa jasho, inavimba, na kula nafasi uliyoitafuta kwa bidii Karume. Mchana, lala chali dakika 15 miguu ikiegemea ukuta au shina la mti.

Mwenye kisukari asiichukulie ganzi kama ya wenzake. Huenda haitoki kwenye pedali kabisa, na mguu usiohisi hausemi msumari ulipoingia. Avue soksi kila kituo, atazame nyayo kwa kioo kidogo au aombe mwenzake amtazamie, na asiendeshe kwa ndala wala peku.

Siku ya 5: Korogwe hadi Mombo, kama kilomita 40

Nusu siku, kwa makusudi. Milima ya Usambara imesimama mkono wa kulia, na kesho ndiyo inayopandwa. Fika Mombo kabla ya saa 5, kaza upya boliti za kliti, linganisha na alama ulizochora. Boliti iliyolegea huipeleka kliti mbele kidogo kidogo, na mtu humaliza siku tatu akilaumu kiatu.

Hapa pia ndipo pa kuamua nani asipande. Ganzi ya baiskeli huondoka ndani ya dakika chache baada ya kushuka, au ifikapo usiku ikichelewa. Ikiamka nawe asubuhi, ikikujia ukiwa umekaa tu, ukishindwa kuinua ncha ya mguu, au mguu ukiwa wa baridi na umebadilika rangi, panda basi uende hospitali. Mombo mabasi hayakosekani.

Siku ya 6: Mombo hadi Lushoto, kilomita 33

Kutoka mita kama 400 juu ya usawa wa bahari hadi karibu 1,400. Kona juu ya kona, mwamba upande mmoja, korongo upande wa pili, na mabasi yanayopiga honi kabla ya kuonekana. Sehemu ya chini hadi Soni ndiyo kali.

Kwa kilomita 8 kwa saa, baiskeli ya mlima kwenye meno 22 mbele na 34 nyuma inazunguka karibu mara 99 kwa dakika. Unaweza kupanda gia moja au mbili na bado miguu ikawa myepesi. Phoenix ya 48 kwa 18, kwa kasi hiyo, ni mizunguko 23. Hakuna unyayo unaovumilia hiyo kwa saa nne. Shuka, sukuma. Wakulima wa mboga wa huku wanasukuma tangu baiskeli zilipofika, na hakuna anayewacheka. Kusukuma dakika 10, kupanda dakika 10 palipolegea, ndiyo mwendo wenyewe.

Aliyeketi na kupanda ana mtego wake: mlimani watu huteleza nyuma ya kiti na kuvuta usukani, visigino vinashuka, vidole vinajikunja kushika soli kama mtu anayepanda mnazi. Vidole vilivyojikunja vinakakamaza misuli yote ya unyayo. Kila kona ya kulia iwe ukumbusho wa kuvinyoosha.

Juu ya Soni hewa inabadilika ghafla, na Julai Lushoto ni baridi. Soksi iliyolowa jasho tangu Mombo sasa inapoza mguu, na ganzi ya baridi inafanana na ile ya kubanwa. Soksi kavu ikae mahali pa kufikika, ibadilishwe Soni. Usiongeze ya pili juu yake, kiatu hakina nafasi. Mfuko wa plastiki juu ya soksi moja unazuia upepo vizuri zaidi.

Ukifika, jaza viatu magazeti yaliyofinyangwa na uviweke mbali na jiko. Moto unalegeza gundi ya soli, na kile kipande cha ndala kitakuwa kimehama kabla ya safari ya kushuka.